Taja Majina Kabla ya Kuondoka

Vijana wangu wa kituo, siku ya kuniaga mlinipa godoro, hotuba tano na soda ya moto. Godoro nalilalia, soda niliinywa, hotuba nimezisamehe. Mmoja wenu akaniambia, "Afande, andika kidogo. Sisi hapana jua mambo ya zamani." Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo kinaisha siku unapovua kofia, na mshahara wetu mnaujua wenyewe. Nitawaandikia kuhusu Desemba, maana kazi ya trafiki, ukiikamua, kinachobaki ni Desemba. Miezi mingine ni maandalizi.

Jina langu ni Candiru. Kwa Kilugbara maana yake ni taabu, kwa sababu wazazi wetu hawakupenda kutudanganya kuhusu dunia. Lakini kuanzia Vurra mpaka Koboko hakuna anayeniita hivyo. Wananiita Mama Taja. Wengi wenu mnadhani nilizaliwa nalo, kumbe ni jina la kazini, na mwaka jana lilinigeuka.

Siku yangu ya kwanza barabarani nilivaa sare nyeupe iliyopigwa pasi hata nikaogopa kuketi. Aliyeamua kwamba trafiki wa kiangazi cha West Nile avae nyeupe alikuwa na ucheshi wake. Kufika saa sita mchana nilikuwa mwekundu kwa vumbi kutoka kofia hadi soksi. Nilipangwa kwenye barabara ya Vurra. Likaja lori la mihogo, nikapiga filimbi kwa nguvu zangu zote. Lori likasimama. Mtu wa baiskeli aliyekuwa akijivutisha nyuma yake hakusimama, akaingia kichwa kichwa katikati ya magunia. Alitoka mzima, akanisalimia kwa heshima, kisha akaniomba nimsaidie kutafuta kiatu. Tulitafuta nusu saa. Ndiyo ilikuwa operesheni yangu ya kwanza.

Mwalimu wangu alikuwa Afande Onzima, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka mpaka jambo liwe baya kabisa. Mfukoni mwake mlikuwa na vitu vitatu: filimbi, kipande cha chaki na karanga za kukaanga. Tairi lililokwisha alilichora msalaba kwa chaki, bila neno, akaendelea na karanga zake. Nimeona madereva wakubwa wenye vitambi wakiomba msamaha mbele ya ule msalaba zaidi ya walivyowahi kuomba kanisani.

Lakini silaha yake kubwa haikuwa chaki. Akisimamisha pikipiki iliyobeba ukoo mzima, hakuuliza, "Mko wangapi?" Alisema neno moja tu: "Taja." Baba wa watu alitakiwa ataje jina la kila aliyempakia, kwa sauti, huku akimtazama usoni. Akimaliza, Afande Onzima alikuwa na swali la pili. "Sasa chagua. Yupi kati ya hawa ndiye wa kuanguka?"

Nilimuuliza kwa nini asiandike faini amalize. Akanijibu, "Mwanangu, mtu ukimuuliza idadi anakuambia watano, na watano hawamuumi. Ukimwambia ataje, anataja Grace, anataja Moses, anataja kile kitoto alichokililia hospitali. Faini ataisahau wiki ijayo. Hilo swali atalala nalo." Nilijifunza. Afande alipostaafu aliniachia chaki na neno lake. Karanga aliondoka nazo.

Sasa Vurra, kwa wale ambao hamjapangwa huko. Wenzetu wa Congo wanaendesha kulia, sisi kushoto, na kinachotutenganisha ni kamba ya mpakani na akili ya dereva. Siku za kawaida akili inatosha. Sikukuu inapungua. Familia zinavuka kwenda kula na ndugu zao upande wa Aru, wanarudi wameshiba, wamefurahi, na bado wako kulia. Kuna mfanyabiashara mmoja nilimsimamisha uso kwa uso na lori la saruji. Hakutetereka hata kidogo. "Mama, miye niko ku mukono ya kuume! Ule mutu wa lori njo amepotea." Nilimwambia ageuke atazame kamba iko wapi. Akageuka, akaiona nyuma yake, akafanya ishara ya msalaba, akaniachia mkungu wa ndizi nilioukataa mara mbili. Mara ya tatu alikuwa ameshaondoka. Mkipangwa Vurra, msimame hatua hamsini ndani, upande wa kushoto, na kila gari linalovuka liulizeni mkono kabla ya karatasi. Karatasi haijawahi kugonga mtu.

Watu watawaambia, "Ajali haina kinga." Ni methali ya kufariji wafiwa, na kwa wafiwa iacheni. Kwa madereva msiikubali. Ajali nyingi nilizozipima kwa futi na chaki zilikuwa na kinga, ila kinga ilibaki nyumbani juu ya kabati.

Baadaye nikahamishiwa Koboko, na huko ndiko nilikokutana na Duku. Ilikuwa asubuhi, mkesha wa Krismasi, pale njia ya Lobule inapochepuka. Nikaona pikipiki inakuja polepole, nzito. Mbele juu ya tangi alikaa msichana wa miaka minne hivi, ameshika vioo vya pembeni kwa mikono miwili kama ndiye dereva. Kisha Duku mwenyewe. Nyuma yake watoto wawili wamebanwa, kisha mkewe Keji, na mtoto mchanga mgongoni mwa Keji. Kuku wawili walining'inia kwenye usukani vichwa chini. Ubavuni, jerikani ya njano ya petroli, kizibo chake kiazi kitamu.

"Taja," nikasema.

Duku alinitazama. "Afande, sisi iko ya familia tu. Krismasi."

"Nimeona. Taja."

Akataja. Keji. Lumago. Wani. Mchanga alikuwa bado hajapewa jina, akamwita Mgeni. Mwisho akamgusa kichwa yule wa kwenye tangi. "Hii Poni."

Poni akamrekebisha baba yake. "Na kuku!"

Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa shida. Nikamuuliza Duku swali la pili. Achague wa kuanguka. Akatazama mmoja mmoja. Macho yakamlowa, na hapo hapo akakasirika, kwa sababu mwanamume akilizwa na trafiki mbele ya mkewe hana pengine pa kwenda.

"Afande, wewe iko mubaya," akasema. "Mbaya kabisa. Hakuna mutu anaweza jibu hii."

"Basi usimlazimishe Mungu akujibie."

Wakashuka wote. Duku akasukuma pikipiki na mizigo, Keji na watoto wakatembea pembeni upande wa kulia, magari wakiyaona usoni kama nilivyowaonyesha. Kwenda Lobule kwa miguu si haba, na jua lilikuwa limeshaanza kazi. Niliona aibu kidogo, nawaambia kweli. Walipofika kwenye kona Duku akageuka, akapiga kelele mpaka wauza nyanya wakasikia: "Mungu iko! Siku moja wewe pia utataja!"

Nikampungia mkono. Kazini unalaaniwa mara tatu kwa siku. Ukizibeba zote hutalala.

Miaka ile ndiyo nilianza kuingia na majumbani, maana niligundua barabara haianzii barabarani. Mtu anaenda dukani mara ya pili kwa sababu hakuandika orodha, anakimbiza pikipiki kwa sababu chakula kinaungua. Padri akanipa dakika tatu baada ya misa, imamu naye akanipa zake Ijumaa, na nikaona kwamba waumini wote ni sawa. Baada ya ibada wanawaza nyama. Kwa hiyo nilizungumza mambo machache, ya kuonekana kwa macho. Kiangazi nyasi zinachomwa kuwinda panya, moshi unalala juu ya lami. Ukikuta moshi, washa taa, punguza, na kama huoni boneti yako, kaa pembeni usubiri. Sigiri ya makaa isilale ndani na watu. Nyumba ya nyasi na jiko viachane hatua kumi, visalimiane kwa mbali.

Kisha nilifika kwenye jerikani, na hapo waliamka. Sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Petroli tunaweka kwenye jerikani ya njano. Maji, jerikani ya njano. Mafuta ya kupikia, pombe ya harusi, mafuta ya taa, zote njano, zote zimepangwa jikoni bega kwa bega kama wanakwaya. Niliwahi kuingia nyumba moja huko Pajulu, mama mwenye nyumba alikuwa anataka kuongeza mafuta kwenye kibatari huku kinawaka, na alichoshika ilikuwa petroli ya mumewe. Nilimpokonya. Alinishukuru, halafu akaniomba nionje ile nyingine nimwambie kama ni maji. Nikawafundisha: petroli isilale ndani ya nyumba wala isipande gari lenye watu, na kabla ya kumimina chochote, taja kwanza kilichomo. Huwezi kutaja, usimimine. Watoto walilipenda hilo. Walianza kuwasumbua mama zao, "Taja! Taja!" Ndipo jina likaniganda.

Sasa nije mwaka jana, nilipokuwa nimestaafu miezi miwili tu na bado naamka saa kumi na moja kutafuta filimbi. Mwanangu Adriko anauza nguo Vurra. Akanijia na habari kwamba amepata mchumba, mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa Lobule. Nikafurahi mno. Baba yake Adriko ni marehemu, kwa hiyo kupeleka ukoo kujitambulisha ilikuwa juu yangu. Jina la mchumba ni Poni. Koboko imejaa akina Poni, sikujiuliza.

Mnaijua mila yetu. Hamwendi kuomba binti wa watu mkiwa watatu kama mnaokwenda kununua baiskeli. Shangazi asiyealikwa atakumbuka mpaka kaburini, na dada wa marehemu asipopata kiti atasema umemzika kaka yake mara ya pili. Tulikuwa na pikapu moja ya wazee, mbuzi na msemaji wetu, Mzee Anguyo. Na tulikuwa na gari la viti saba la shemeji yangu, la wanawake, nikiendesha mimi. Mganga hajigangi. Kila aliyekuja na kitenge kipya nilimwambia, "Banana kidogo." Nilijua ninachofanya, na nilijiambia kwamba ni leo tu. Nimelisikia neno hilo kwa madereva maisha yangu yote.

Adriko alikuwa ameogopa mafuta yataisha Koboko kwa sababu ya sikukuu, akaweka nyuma ya kiti cha mwisho, kati ya kreti za soda na mikeka, jerikani moja ya njano. Kizibo kilikuwa kimepotea. Akaifunga kwa kipande cha kavera, mfuko wa plastiki, na kamba. Niliona. Nikafungua madirisha, nikawasha gari.

Koboko tulisimama kununua mandazi. Watu wakashuka, wakapanda, buti likafunguliwa, likafungwa. Tukaendelea hadi Lobule, harufu ya petroli tukiwa tumeshaizoea.

Huko, kama desturi, hamwingii tu. Mnasimamishwa nje ya ua mpaka wenyeji waridhike, na mwenyeji mwenye hadhi haridhiki upesi. Nimeona wageni wakisimama kuanzia saa nne mpaka saa nane. Tukashuka, nikapandisha vioo, nikafunga gari juani, tukajipanga kwa nyimbo. Akina mama wa kule wakatujibu kwa nyimbo zao. Kisha akatoka uani mzee mmoja, fimbo mkononi, koti limepigwa pasi. Akatembea kutukagua. Alipofika kwangu akasimama.

Alinitazama muda mrefu. Halafu uso wake wote ukacheka.

"Keji!" akaita ndani. "Keji, kuja ona! Mungu iko!"

Nikamtambua hapo. Duku alikwenda mpaka kwenye gari, akahesabu viti kupitia kioo kwa kidole, saba, akarudi, akahesabu vichwa vya wanawake wangu. Wenyeji walikuwa wameshaijua hadithi, nadhani waliilelea watoto, maana kicheko kilianza kabla hajasema kitu. Yule mwalimu mchumba alitoka mlangoni akiwa amejifunika mdomo. Poni wa kwenye tangi.

"Wageni yangu," Duku akasema, "hapa hakuna kuingia. Hii mama itaje kwanza. Mutu moja moja. Na atazame uso."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwanangu alinitazama kama anaiona posa yake inaondoka na upepo. Kama ningekataa, ningekuwa nimekataa adhabu niliyowapa watu nusu ya wilaya. Nikavua kilemba kama Afande Onzima alivyokuwa akivua kofia, nikaanza. Nilijitaja mwenyewe. Nikataja dada zangu wawili. Nikataja wake za shemeji zangu, mmoja mmoja, uso kwa uso, na kila jina wenyeji wakapiga vigelegele. Nikamaliza na wifi yangu Draru, dada wa marehemu.

"Kumi na moja," Duku akasema kwa furaha kubwa. "Kiti saba! Sasa chagua..."

"Na Ezaru?" Draru akanikatiza.

Ezaru ni mjukuu wake, ana miaka mitano.

"Ezaru yuko kwa wazee, kwenye pikapu," nikasema.

Mzee Anguyo akatikisa kichwa. "Hapana. Pale Koboko alishuka. Alisema anataka kukaa na bibi yake."

Mzee alitegemea kwamba mtoto yuko kwetu. Sisi tulitegemea yuko kwake. Nilikimbia. Nina miaka sitini na goti bovu, na nilimpita Adriko. Funguo zilinianguka mara mbili. Nilipofungua buti, joto na petroli vilinipiga usoni pamoja. Ezaru alikuwa amelala juu ya mikeka, amejikunja nyuma ya kreti, andazi mkononi, amelowa jasho kama aliyetolewa mtoni. Kavera ya jerikani ilikuwa imelegea. Nilimwita, hakufungua macho.

Sitawaficha. Miaka yote niliyofanya kazi niliwainua watoto wa watu kutoka lami. Huyu wa kwetu sikuweza kumwinua. Duku ndiye aliyemtoa. Alimkimbiza mbali na gari, kwenye kivuli cha ukuta. Keji akamvua kigauni, Poni akampepea kwa mkeka na kumfuta kwa maji, Draru akiliita jina lake bila kukoma. Tulingoja. Nilikuwa namwomba Mungu huku nikimwambia kwamba sina haki ya kuomba. Kisha mtoto akakohoa, akatapika, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha hasira. Sijasikia wimbo wa harusi mtamu kuliko huo.

Jerikani ilitolewa ikawekwa mbali, milango yote ikafunguliwa gari lipigwe na upepo. Kisha nikaendesha kwenda kituo cha afya, gari la viti saba lenye watu watatu: mimi, Draru na Ezaru. Muuguzi alimpima, akatuweka pale mpaka alasiri, akatuambia tumpe maji na hewa. Aliniuliza mtoto alikaaje humo. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Wewe hapana ile Mama Taja?" Nikasema ndiyo, huyo huyo.

Tulirudi tukakuta wametungoja. Hakuna mwenyeji aliyeanza kula. Nilimwendea Duku mbele ya watu wote, nikamwambia kama anaona ukoo wangu haufai kukabidhiwa binti, nitaelewa. Nilisema nikilia, na sikuona aibu.

"Ile siku, mimi nilitukana wewe mupaka nyumbani," akasema. "Lakini toka ile siku mimi hapana beba hata kuku bila kutaja. Poni iko hapa juu ya hiyo." Akamgeukia Adriko. "Wewe kijana, unasikia? Njia yote, taja."

Adriko akasema amesikia. Basi mambo ya posa yakaendelea, na hayo hayawahusu.

Saa kumi na moja jioni tulipotaka kuondoka, Duku alikuja kusimama kwenye mlango wa dereva na fimbo yake. Petroli aliibakiza kwake, chini ya mwembe, mbali na nyumba. Watano wetu walikubali kulala Lobule, na nikaahidi kuwafuata kesho yake. Shangazi niliyemwogopa kuliko wote ndiye aliyeomba kubaki kwanza, kwa sababu alikuwa ameona mbuzi wa pili anachinjwa. Wengine wakaingia garini, kila mtu na kiti chake. Nikashika usukani.

"Mama," Duku akasema. Hakuwa anacheka tena. "Taja."

Nikageuka nyuma nikatazama nyuso, nikaanza na Ezaru.